"Heia Safari": wimbo wa wanajeshi wa Kijerumani wenye Kiswahili chetu ndani. Una ukweli kiasi gani?

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kibarazani napunga upepo, mpwa wangu wa kidato cha tatu kakaa pembeni na simu. Hawa watoto wa gemu za vita wana miziki yao. Akaanza na "Erika", ule wimbo ambao waimbaji wakinyamaza ngoma inajibu mara tatu, ndu ndu ndu, halafu wanaendelea. Siku hizi umezagaa mitandaoni, watu wanauwekea hadi video za paka. Simu ikajiendea yenyewe, ukaja mwingine. Sauti za wanaume, taratibu, kama watu wanaopanda kilima na mizigo. Sikuambulia kitu mpaka mwisho wa ubeti, nikasikia wazi kabisa: "Askari... heia, heia, safari."

Nikamwambia rudisha hapo. Akarudisha. Akaniangalia: "Mjomba, si Kiswahili hicho?"

Ni Kiswahili. Tangu siku hiyo nimekuwa nausaka huo wimbo. Naweka hapa nilichokipata, mwenye zaidi aongeze.

Maneno aliyaandika Hans Anton Aschenborn mwaka 1916. Muziki akautunga Robert Götz mwaka 1921. Shikeni hiyo miaka miwili. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa bado wanapigana huku kwetu. Mwaka 1921 hawakuwa na koloni hata moja, Tanganyika ishachukuliwa na Mwingereza. Wimbo unapata sauti, safari yenyewe ishakwisha kitambo.

Sasa huyo Aschenborn alikuwa mchoraji wa wanyama, na maskani yake Afrika yalikuwa Namibia, siyo Tanganyika. Wajerumani wa kule walisalimu amri Julai 1915. Tena kikosi chao cha kule kilikuwa cha Wazungu, hakikuwa jeshi la askari weusi kama la huku, na Kiswahili hakikuwa lugha ya kule. Kwa hiyo mtu aliyeko Namibia anatuimbia askari na wapagazi wa Afrika Mashariki.

Usikilize ubeti wa kwanza uone inavyomponyoka. Anasema wanapita katikati ya jangwa alfajiri. Jangwa gani? Toka Tanga mpaka Ruvuma utakutana na miombo, mbung'o, tope la Rufiji na mvua ya kukutoa kucha. Jangwa ni lile alilolizoea yeye. Ubeti unaofuata anazama kwenye msitu mzito usioona jua, mara anatokea kwenye nyasi za nyika. Kachanganya Afrika nzima sufuria moja.

Yapo aliyoyapatia, nisimwonee. Njia nyembamba, kweli: misafara ilikwenda mtu nyuma ya mtu. Wapagazi kuimba, kweli: Wanyamwezi walijulikana kwa hilo toka enzi za misafara ya pembe, mmoja anatoa, wenzake wanapokea. Na hiyo "heia", kwa sikio langu, ni "haya" yetu tu. Haya, safari! Neno la kumwambia mtu anyanyue mzigo, mapumziko yamekwisha.

Ila hapo hapo ndipo ninapokwazika. Mwimbaji anatuambia walikuwa wakisikiliza wimbo ule wa kale, wimbo mtamu, wa wapagazi na askari. Haya, walikuwa wanaimba nini? Hasemi. Beti zote hizo, watu weusi wanaimba tangu asubuhi mpaka kwenye moto wa usiku, na tulichosikia kutoka vinywani mwao ni maneno mawili.

Na ile njia nyembamba, wimbo unaiita njia ya "Neger". Mpwa wangu aliniuliza maana yake. Nilimwambia.

Karibuni.

#2

Ngoja waje wajuzi. Nimetandika mkeka.

#3

Mkuu na wewe, watu wanalia na bei ya sukari, wewe unatuletea nyimbo za Manazi. Hizo zifutwe zote, mjadala umekwisha.

#4 (Mleta uzi)

#3, kuna mambo mawili hapo usiyachanganye. Aschenborn aliandika 1916, chama cha Nazi hakijazaliwa. Wao waliukuta wimbo upo wakauimba, kama walivyoimba mamia ya nyimbo za watangulizi wao. Lakini simtetei. Mtu hahitaji kuwa Mnazi ili atunge wimbo wa kikoloni.

Na ukisema "za Manazi" inabidi uwe na jicho la kuzichambua. "Erika" kweli ni ya enzi zile, imechapishwa 1938, na mtunzi wake Herms Niel alikuwa mwanachama wa chama na kiongozi wa muziki kwenye jeshi lao la kazi. Maneno yake? Kaua kadogo ka porini, na msichana aliyeachwa nyumbani anayeitwa jina la ua hilo. Basi. Hakuna siasa hata mstari mmoja. Halafu kuna ule wa Horst Wessel, uliokuwa wimbo wa chama chenyewe. Ule Ujerumani leo ukiuimba hadharani ni kosa la jinai.

Nyingine zimevaa nguo za kuazima. Upo wimbo wa kikosi cheusi cha Geyer, unaohusu vita vya wakulima vya mwaka 1525. Ukiusikia utaapa umetoka shimoni karne ya 16. Mashairi yake yameungwaungwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu yakitoka kwenye shairi la 1885, na waliouimba kwanza ni vijana wa vyama vya matembezi ya porini. Umri wake unakaribiana na wa "Heia Safari". Wakauchukua SS, jeshi la chama cha Hitler. Baadaye jeshi la Ujerumani Mashariki, la wakomunisti, nalo likauimba, maana wakulima kuwapiga mabwana wao ni habari njema kwa mkomunisti. Wimbo mmoja, mahasimu wawili, kila mmoja anadai ni wake.

Kwa hiyo mtu akikwambia wimbo ni "wa kale", mwulize ulichapishwa lini.

#5

Mleta uzi una madini. Huo wa pesa je, "Ein Heller und ein Batzen"? Kuna mzee wa Kigiriki nilifanya naye kazi melini, akiusikia anasonya na kuzima redio.

#6 (Mleta uzi)

#5 umenikumbusha kitu kizuri sana. Huo ni wimbo wa walevi. Umetungwa na Schlippenbach, mtu wa miaka ya 1830. Jamaa ana sarafu mbili, Heller na Batzen. Heller inaishia kwenye maji, Batzen inaishia kwenye mvinyo. Ni hayo tu, mtu katumia pesa zake baa. Lakini wanajeshi wa Hitler waliuimba wakipita mitaani kwenye nchi walizozivamia, na kile kiitikio chake cha heidi-heido kikawabaki watu kichwani pamoja na sauti ya buti. Mzee wako hasikii mlevi. Anasikia buti.

Sasa ile Heller mnaijua. Ndiyo hela. Wajerumani walileta sarafu hiyo huku mwaka 1904, rupia moja kwa heller 100, wakatuachia neno tunaloombana nalo mpaka leo. Pamoja na shule. Kwa hiyo mlevi wa Schlippenbach, kwa lugha yetu, anasema hela yake imeishia kwenye maji. Kila mwisho wa mwezi naimba wimbo huo huo bila kujua Kijerumani.

#7

Nimecheka peke yangu kwenye daladala 😂

#8

Salaam toka Hamburg, mwaka wa 14 huku. Niongeze upande wa leo.

Wajerumani wenyewe wanaumizwa kichwa na hizi nyimbo, msidhani wanazipigia makofi tu. Mwaka 2017 jeshi lao lilisimamisha kugawa kitabu chake cha nyimbo, "Kameraden singt!". Kulikuwa na kashfa ya ofisa mmoja mwenye siasa kali za kulia, wizara ikaanza kupekua kambi, ikafika hadi kwenye vitabu. Zilizotajwa ni "Panzerlied" (wimbo wa vifaru), wimbo wa Westerwald, na ule wa tunda la hazeli. Kelele zilizotokea! Wengine wakasema afadhali, mmechelewa. Wengine wakasema jamani, wimbo wa Westerwald babu anauimba kwenye sherehe ya kijiji, unahusu upepo baridi kwenye vilima, mnaogopa upepo?

Na wote wana hoja. Maneno ya wimbo wa Westerwald hayana ubaya, ni ya 1932. Ila umeimbwa na nani, wapi, akielekea kufanya nini, hilo huwezi kulifuta kwa kusoma maneno.

Kuna mmoja lakini haujang'olewa. "Ich hatt' einen Kameraden". Shairi la Uhland, 1809, muziki wa Silcher, 1825. Kila Novemba kuna Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na hapo tarumbeta hulipiga peke yake bila maneno. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama makaburini na baba mwenye nyumba wangu, nikaona kofia zinavuliwa kabla hata sijajua kuna nini. Baadaye ndipo nikatafuta maneno. Risasi inakuja, hawajui ni ya nani kati yao. Inampata mwenzake. Mwenzake anamnyooshea mkono, na yeye yuko katikati ya kushindilia risasi kwenye bunduki, hawezi kumpa mkono. Hakuna adui anayetukanwa, hakuna ushindi. Manazi waliutumia kwenye mazishi yao, na wakomunisti waliokwenda kupigana Hispania wakatia maneno yao kwenye muziki huo huo kumlilia mwenzao Hans Beimler.

Kuhusu "Heia Safari": mwaka 1966 Ralph Giordano alitengeneza filamu ya sehemu mbili ya televisheni ya WDR, akaipa jina hilo hilo la wimbo, ndani yake akabomoa hadithi kwamba Wajerumani walikuwa wakoloni wazuri. Watazamaji walicharuka. Walikuwa wamezoea kuimba, siyo kuambiwa.

#9

#8 hapo kwenye "wakoloni wazuri" naomba nikae. Mimi ni Mgogo. Kwetu ukisema vita ya Wajerumani na Waingereza, wazee hawakutajii Lettow, kamanda wa Wajerumani, wala Smuts wa Waingereza. Wanakutajia Mtunya. Ndiyo njaa ile, kuanzia 1917 mpaka 1920. Huyu kapita kachukua ng'ombe, yule kapita kachukua nafaka, vijana wote wamechukuliwa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Bibi mzaa baba alikuwa anaipimia miaka kwayo: fulani kazaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada.

Huyo anayeota moto mbele ya hema na kusikia nyimbo tamu milimani, angalau angeuliza hao waimbaji wamekula nini.

#10 (Mleta uzi)

#9, asante. Na unajua aliyekuunga mkono ni nani? Mjerumani. Kulikuwa na daktari kwenye kikosi cha Lettow, Ludwig Deppe. Yeye aliandika kwamba nyuma yao wanaacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa, na njaa. Alikuwepo na alitembea. Yule wa kwenye wimbo hakuwepo. Lakini nani kati yao anaimbwa?

Hema lile pia lilibebwa na mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30 kichwani, na mwenye hema ndiye anayesema "tulitembea". Lettow alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Hesabu hizo utazikuta zimenyooka. Njoo kwa wapagazi: kila kitabu na namba yake. Watu waliohesabu bunduki moja moja hawakuona haja ya kukubaliana idadi ya vichwa vilivyobeba.

Machi 1919 Lettow akaandamana Berlin, akapita Lango la Brandenburg kama mshindi. Mwaka 1920 akatoa kitabu, jina lake "Heia Safari!" Mwaka unaofuata Götz anatia muziki. Mnaona inavyopangana? Nchi imeshindwa vita, imenyang'anywa makoloni, inaambiwa haikustahili kuyatawala. Inajibu: sisi? Mbona weusi walituimbia njia nzima. Kwa hiyo mimi nikiulizwa wimbo huu ni ushahidi wa nini, nasema ni ushahidi mzuri mno wa Ujerumani ya 1921. Kuhusu Tanganyika ya 1916 nitakwenda kwa bibi yake #9.

#11

Upande wa Mwingereza msiuache ukatoka msafi. Mimi wa Nairobi. Kariokor yetu na Kariakoo yenu ni jina moja, ni Carrier Corps hiyo imelainishwa na ndimi za watu. Makadirio yanayotumika sana ni wapagazi karibu 95,000 waliokufa upande wa Waingereza pekee, wengi kwa kuhara na malaria, si risasi. Leo tunanunua viondo hapo na hatuna habari.

#12 (Mleta uzi)

#11 kabisa. Na sisi Dar tuna Sanamu la Askari, la 1927, lina maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiingereza yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Ukiinua macho juu, aliyesimama ni mwenye bunduki. Miguu na mikono imebaki kwenye maandishi.

#13

Swali la kijinga labda. Wao askari wenyewe hawakuwa na nyimbo?

#14 (Mleta uzi)

Halina ujinga, ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza.

Upande wa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) upo ule maarufu: "Tufunge safari. Amri ya nani? Amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya." Linganisha na "Heia Safari". Huyu wa Kijerumani anatembea kwa raha zake na kumbukumbu. Hawa wanaulizana njiani, amri ya nani? Na wanajibiana kabisa, si yetu, ni ya Bwana Kapteni. Hapo kuna mtu anayejua yuko wapi na kwa nini miguu inamuuma. Hata kitenzi chenyewe, kufunga safari, ni kufunga mizigo, siyo kutazama mandhari.

Na ipo beni. Ngoma ya tarumbeta na magwaride iliyoanzia pwani ya Kenya ikashuka mpaka ndani Tanganyika, vikundi vinashindana, Marini huku, Arinoti kule, watu wanapeana vyeo vya kijeshi, yumo hadi Kaisari. Wazungu walishindwa kuamua kama wanatukuzwa au wanachekwa. Mimi nadhani vyote viwili, na hapo ndipo utamu wa beni ulipo.

Ukitaka vita yenyewe ilivyosimuliwa kwa Kiswahili, rudi nyuma kidogo kwenye tenzi: ule wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima wa Hemed bin Abdallah, na ule wa Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Hao hawasemi "askari wakaimba". Wanakupa majina ya watu.

#15

Nauliza, hao askari wa Mjerumani si walikuwa watiifu mpaka dakika ya mwisho? Ndivyo tulivyofundishwa.

#16 (Mleta uzi)

Hiyo ni hadithi pacha wa huu wimbo. Wapo waliobaki mpaka Abercorn, hao 1,168. Kwenye kilele kilikuwa kikosi cha askari 11,000 hivi. Waliokosekana si wote walikufa au kutekwa, wengi walitupa bunduki wakarudi kwao, hasa mwisho wa 1917 Lettow alipokaribia kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mtu ana mke, ana watoto, mshahara hauonekani, anaambiwa sasa tunahamia nchi ya Mreno. Ungevuka?

Na usisahau baadhi ya askari hao, au kaka zao, ndio waliotumwa kuizima Maji Maji 1905 hadi 1907. Watiifu kwa nani, dhidi ya nani? Songea hawawakumbuki kwa nyimbo. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha, na walionyongwa pale 1906, Chifu Songea Mbano akiwemo, waliowasimamia kwa bunduki ni askari wa jeshi hilohilo.

#17

#8 hapa tena. Mleta uzi, kuna kitu hujakitaja, sijui kama umekutana nacho. Tarehe 12 Mei 1943, Tunisia. Kikosi cha Afrika cha Wajerumani kimezingirwa, risasi zimekwisha. Kamanda wake wa mwisho, Jenerali Cramer, anatuma ujumbe wa redio Berlin kuaga. Anasema silaha zimeharibiwa, Kikosi cha Afrika lazima kifufuke siku moja. Na maneno ya kumalizia, kabla ya jina lake: "Heia Safari."

#18 (Mleta uzi)

#17, nimesoma mara tatu.

Angalau huyo jangwa alikuwa nalo.

Nimemwonyesha mpwa wangu. Kanyamaza, kisha kauliza: "Sasa mjomba, huko Berlin waliopokea walijua maana yake?" Nikamwambia walijua ni wimbo. Akasema siyo wimbo, anauliza maneno. Maana yeye darasani, kengele ya saa nane ikilia, mwalimu wa zamu husema hivyo hivyo, haya, safari, na watu wote hubeba mabegi.

#19

Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa Maji Maji. Uacheni hapa. Kuna mzee wangu Tabora anazijua nyimbo za wapagazi walizomrithisha baba zake, nikienda Desemba nitamrekodi niwaletee.

#20 (Mleta uzi)

#19 usisubiri Desemba. Mpigie leo.